MPANGAJI WA URITHI, KODI UTAMPANDISHIAJE?

Joto la huku Tanga linatukaba koo, lakini madafu yapo, upepo wa bahari upo, na maneno ndiyo usiseme, yamejaa tele. Haya, vuta mkeka usogee barazani. Leo nina jambo la nyumba.

Juzi nilikuwa sokoni Ngamiani nachagua zangu ngogwe, akanisimamisha kijana mmoja wa Makorora. Kumbe msomaji wangu! Akaniambia, "Dada, baba yetu katangulia mbele ya haki, katuachia nyumba. Ndani mna mpangaji mtu mzima, analipa hela ya karanga. Wenzake mtaani wanalipa mara tatu yake. Nimpandishie au nimtoe?"

Nikacheka kicheko cha mtu aliyewahi kuungua. Nikamwambia subiri, nitakujibu gazetini. Leo ndiyo siku yenyewe, na ili jibu likae sawa itabidi nijianike mwenyewe. Mtanicheka, najua. Chekeni tu.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwishoni mwa 2021. Alituachia nyumba ya Kiswahili hapo Ngamiani, zile zenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani choo, jiko na chumba kimoja cha pembeni. Mjomba wangu, anayeishi Dar es Salaam, ndiye aliyeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi. Na mie niliyemaliza kidato cha nne nikawa nazurura na kalamu yangu, nikapewa cheo cha kukusanya kodi. Weee! Kichwa kiliumuka kama andazi.

Vyumba vya ndani walikuwamo vijana watatu, kila mmoja analipa 30,000 kwa mwezi. Chumba cha uani alikuwamo mjane mmoja mtu mzima na wajukuu zake wawili, wote wanafunzi. Mie tangu nina akili namwita Bibi wa Uani. Yeye alikuwa analipa 12,000. Elfu kumi na mbili, jamani! Siku hizi hata chipsi za watu wanne zinaimaliza hiyo.

Na hela yenyewe nilijua inatoka wapi. Bibi wa Uani alikuwa kwenye orodha ya TASAF, ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza 2012. Malipo yalikuwa yanakuja kila baada ya miezi miwili. Siku ya malipo, hajanunua hata kibaba cha unga, anatenga kwanza 24,000 ya kodi ya miezi miwili, anaifunga kwenye pindo la khanga. Kinachobaki ndicho chakula cha watoto, na vitumbua vya asubuhi vinamalizia. Kwa maneno mengine kodi yetu ilikuwa inalipwa na mkono wa tatu. Mpangaji yupo, mwenye nyumba yupo, na nyuma ya pazia yuko anayetoa hela.

Basi bwana, shetani wa pesa akaniingia kwa mlango wa dalali.

Mnajua tangu tarehe 5 Agosti 2017, marais wa Tanzania na Uganda walipoweka jiwe la msingi la bomba la mafuta hapa Chongoleani, mji huu una wimbo mmoja tu. Bomba la kilometa 1,443 linatoka Hoima huko Uganda, linakuja kukomea kwetu! Kila mwenye banda la kuku akaanza kujiona mwenye hoteli. Dalali akaja mpaka uani, akachungulia chumba kwa jicho moja, akaninong'oneza, "Dada, hiki 40,000 kinakwenda kabla hujafumba jicho. Mteja ninaye, analipa miezi sita kwa mpigo."

Nikapiga hesabu pale pale. Miezi sita kwa 40,000 ni 240,000. Miezi sita ya Bibi wa Uani ni 72,000. Tofauti 168,000! Macho yalinitoka. Nikapokea 50,000 ya kushikilia chumba. Wenzangu wanashika uchumba, mie nashika chumba.

Nikachana karatasi ya daftari nikaandika: "Kuanzia tarehe 1 Aprili kodi ya chumba ni 40,000. Usipoweza tafuta pengine." Siku ninayoandika ilikuwa 23 Machi 2022. Nilimpa siku tisa. Na kumkabidhi mkononi sikuthubutu, nikaipenyeza chini ya mlango kama barua ya mapenzi, nikala kona.

Jioni akanijia barazani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri tu, "Marahaba mjukuu wangu." Kisha akasema, "Karatasi yako nimesomewa na mtoto. Mie sikatai kodi kupanda, nyumba ni yenu. Lakini ile hela ya TASAF haijui kama nyie mmepandisha. Mtanidai 40,000, yenyewe itakuja ile ile. Na jina langu limeandikwa mtaa huu, watoto wanasoma hapa hapa. Nikihama, kila kitu naanza upya."

Nikabaki nachezea kucha. Yeye akaingia chumbani, akatoka na daftari la karatasi mia, jalada limeliwa na mende. "Soma mwenyewe," akasema.

Wasomaji wangu, mwandiko niliujua pale pale. Ulikuwa wa mama mdogo, wakati huo bado yuko nyumbani hajaolewa. Bibi yangu hakujua kuandika, kwa hiyo alikuwa akitaja, mama mdogo anaandika, kisha bibi anatia dole gumba. Ukurasa wa kwanza Mei 2014. Masika yaling'oa bati upande wa uani na bibi hakuwa na kitu. Bibi wa Uani alikuwa ametoka kulipwa mafao ya marehemu mumewe, aliyefanya kazi mashamba ya mkonge. Akatoa 400,000 za bati, mbao na fundi. Makubaliano yakaandikwa: kodi ya chumba ni 20,000, mpangaji atalipa 12,000 na 8,000 itakatwa kwenye deni kila mwezi kuanzia Juni.

Kurasa zilizofuata ni tarehe na madole gumba tu. Miezi 50. Julai 2018 pameandikwa, "Deni limekwisha." Na chini yake mstari mmoja: "Kodi iendelee 12,000. Ananiangalia."

Hapo ndipo nilipokaa chini. Miaka ile bibi macho yalishakuwa mazito na miguu haimbebi. Sie wajukuu tulikuwa tunakuja Idi kwa Idi na mkate wa mayai, tunapiga picha naye, tunaondoka. Uji wa asubuhi aliupika nani? Maji ya kuoga aliyapasha nani? Mnamjua sasa.

Nikampigia mjomba. Nilidhani ataanza na mambo ya huruma, wapi! Aliniuliza swali moja tu: "Hiyo karatasi uliiandika kama nani?" Kimya. Msimamizi wa mirathi ni yeye. Mie mkusanyaji tu, kazi yangu kupokea na kuandika. Kupandisha kodi, kuvunja mapatano, kupokea hela ya mteja mpya, vyote hivyo havikuwa vyangu. Ile 50,000 niliyoipokea nilikuwa nimeuza chumba kisicho changu.

Jumamosi akapanda basi akaja. Na kwa kuwa mjomba ni mtu wa kusoma sheria hata zile zinazofungiwa maandazi, akanipa darasa. Nawagawia bure.

Zamani, akasema, kulikuwa na sheria ya mwaka 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba. Mwenye nyumba hakuweza kujipandishia anavyotaka, na kulikuwa na mabaraza ya kuamua kodi ya haki ni ipi. Sheria hiyo ilifutwa 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi ni mapatano ya mwenye nyumba na mpangaji. Hapo nikachangamka. "Kwa hiyo nilikuwa na haki!" Akanikata kauli. Kiasi ni mapatano, lakini kuna utaratibu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema upangaji usioandikiwa muda, kama kodi inalipwa kwa mwezi, basi ni wa mwezi hadi mwezi, na notisi ya kuuvunja isipungue mwezi mzima. Siku zangu tisa zilikuwa hewa. Na hata notisi ikiisha na mtu hajatoka, huna ruhusa ya kumwaga vyombo vyake nje wala kubadilisha kufuli. Ukishindwana naye kuna vyombo vya kuamua, yakiwamo mabaraza ya ardhi na nyumba yaliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002.

Nikamuuliza, je, mapatano ya bibi hayakufa na bibi? Akacheka. Akanitajia majumba ya mjini, yale ya ghorofa yenye roshani. Aprili 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili zikaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wenye nyumba walibadilika mara mbili, lakini aliyekuwa amepanga ndani hakugeuka mvamizi kwa sababu hiyo. Alibaki mpangaji, kilichobadilika ni mtu wa kumpelekea kodi. "Na nyie," akasema, "mmerithi nyumba na mtu ndani yake. Alivyokubaliana na mama ndipo mnapoanzia. Mnaweza kubadilisha, lakini hamuwezi kujifanya hamkukuta kitu."

Usiku ule nilizungumza na binamu yangu aliyeko Columbus, Marekani. Nilidhani nitamshangaza, kumbe wenzetu jambo hili wamelitungia sheria toka 1974! Huko mtu wa kipato kidogo anaweza kupewa vocha ya nyumba. Anatafuta nyumba ya mtu binafsi, analipa kama asilimia 30 ya kipato chake, na mamlaka ya nyumba inamalizia kwa kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja. Sasa ole wako urithi nyumba yenye mpangaji wa vocha ukurupuke kama nilivyokurupuka mie. Mwaka wa kwanza wa mkataba kodi haiguswi. Baada ya hapo ukitaka kupandisha unaiarifu mamlaka siku 60 kabla, nayo inalinganisha na kodi za nyumba za aina yako eneo hilo. Ikiona umezidisha, haikubali. Binamu akaniambia, "Kule kwenu hakuna ofisi ya kukuzuia. Ya kukuzuia ni aibu tu."

Kwetu TASAF si vocha ya nyumba. Fedha ile ni ya kusaidia kaya, na mwenye nyumba hayumo kwenye karatasi zao. Lakini kwa mpangaji hali ni ile ile, hela imepimwa na mwingine. Mfanyakazi ukimpandishia, ataomba kazi za ziada. Muuza samaki ataongeza mia kwenye fungu. Anayesubiri hela iliyopimwa hana pa kuongeza, labda apunguze ugali. Ukimtajia kodi anayoshindwa kabisa, hapo umemfukuza kwa tarakimu, ingawa mdomo wako haujatamka neno "ondoka".

Jumapili tukakaa uani kwenye jamvi, mjomba, mama, mama mdogo, mie na Bibi wa Uani. Mama mdogo alipolishika lile daftari na kuona mwandiko wake wa usichana, alilia. Lakini hakuacha hoja yake, na hoja yenyewe nzito. "Deni lilikwisha 2018. Punguzo lilikuwa la kumwangalia mama, na mama hayupo. Sisi nasi tuna watoto."

Bibi wa Uani mwenyewe akasema, "Kweli kabisa."

Kumbe kulikuwa na hesabu nyingine hakuna aliyeiwaza. Luku ya nyumba nzima alikuwa akinunua yeye kwa sababu ndiye anayeshinda nyumbani, halafu vijana wanamrudishia sehemu zao. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo imekuwa ikikatwa kwenye umeme, wakati ule 1,000 kwa mwezi kwa nyumba kama yetu. Wenye jengo sisi, anayekatwa yeye! Mjomba akahesabu mpaka Machi 2022, miezi minane, 8,000. Ikapunguzwa kwenye kodi yake papo hapo. (Julai 2023 makato hayo yakapanda yakawa 1,500, kwa hiyo wewe unayepokea kodi huku mpangaji wako ananunua luku, jiangalie.)

Mwisho tukaandika nakala mbili. Kuanzia Julai 2022 kodi 16,000. Kuanzia Julai 2023 kodi 20,000, ile ya mapatano ya bibi. Alipe kila miezi miwili, malipo yake yanapotoka. Kila Julai tukae tena tuzungumze. Sahihi, dole gumba, shahidi mjumbe wa mtaa. Yakaisha kwa chai ya tangawizi na vitumbua vyake mwenyewe, ambavyo siku hiyo vilinikwama kooni.

Na ile 50,000 ya dalali? Ehee, nilijua mtauliza. Elfu ishirini nilishazigeuza viatu. Nilikopa kwa vijana wa ndani, nikamrudishia dalali pesa yake kamili, akanitukana mtaa mzima ukasikia. Viatu vyenyewe vikaniumiza kidole gumba mwezi mzima.

Sasa nisiwadanganye wasomaji wangu, maana nyie si watoto. Yule mteja wa 40,000 hakuwa mhuni. Alipanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, akalipa vizuri, akakaa kwa adabu. Na Julai 2024 tulipokaa tena, Bibi wa Uani alisema mwenyewe, "Ongezeni elfu mbili," ikawa 22,000. Kila mwezi tunakosa 18,000, kwa mwaka ni 216,000. Mama mdogo ananikumbusha kila tukionana, na hesabu yake haina kosa. Wema wetu haujatuletea bahati nasibu. Tulichopata ni kwamba neno la bibi yetu halikuzikwa pamoja naye, na mie naweza kupita uani bila kuinamisha uso.

Haya, kijana wangu wa Makorora, jibu lako hili hapa.

Kwanza, hakikisha wewe ndiye mwenye sauti. Kama msimamizi wa mirathi ni kaka yako, mpelekee yeye. Mpangaji ana haki ya kukuuliza unadai kama nani.

Pili, muulize mpangaji walikubaliana nini na marehemu. Kodi ya karanga mara nyingi ina sababu yake, bati, kisima, choo, au uji wa asubuhi. Akiwa na maandishi yasome. Asiye nayo, waulize majirani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, jua hela yake inatoka wapi na inakuja lini. Kama ni ya mkono wa tatu, iwe TASAF, pensheni, au mtoto aliyeko Maskati, panga kodi ifuate tarehe ya hela hiyo. Na kama kuna anayeweza kuongeza mfukoni kwake, mpe muda wa kumwomba.

Nne, pandisha kwa ngazi, kwa maandishi, mkononi, mapema. Mwezi mmoja ndio mdogo kabisa. Mie nakushauri mitatu. Na kabla hujataja tarakimu, angalia chumba chenyewe. Bati linavuja? Choo kinafaa? Kodi ipandie ubora wa nyumba, isipandie bomba la Chongoleani.

Tano, ukiona kweli huwezi kuendelea naye, mwambie hivyo waziwazi, mpe notisi yake na muda wa kutafuta. Ni afadhali umwambie "nahitaji chumba" kuliko kumtajia kodi unayojua hataiweza, halafu useme kaondoka mwenyewe.

Nafasi yangu imekwisha, mhariri ananikodolea macho. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Na wewe uliyeachiwa nyumba, lifungue kwanza daftari la marehemu ndipo uufungue mdomo wako.